Kuvuka Semliki: Uhakiki wa Masimulizi ya Asili, Chumvi na Haki ya Ardhi katika Milima ya Wanande

Utangulizi

Mtafiti anayefika Masereka na kuwauliza wenyeji wametoka wapi hupewa jibu kabla hajamaliza swali. Tulitoka Kitara. Tulikaa Busongora, chini ya Ruwenzori. Tukavuka mto Semliki, tukapanda milima, tukaukuta msitu, tukaufyeka. Jibu hilo hutolewa na mzee wa ukoo, na mwalimu wa shule ya msingi, na mwanafunzi aliyeteremka Butembo kusomea sheria. Maneno hubadilika kidogo, lakini mfuatano wa vitendo haubadiliki: kutoka, kuvuka, kupanda, kufyeka.

Makala hii inakusudia kulihakiki jibu hilo kama matini. Hatutaki kuamua kwa haraka kama ni la kweli au la uongo, kwa kuwa uamuzi wa namna hiyo umekwisha kufanywa mara nyingi mno na haujatufikisha mbali. Tunataka kuuliza limejengwaje, limesomwaje na wale walioliandika, na limeacha nini nje. Tutadai kwamba kitu kikubwa kilichoachwa nje ni biashara, hususan biashara ya chumvi, na kwamba kuachwa huko kuna gharama.

Gharama yenyewe si ya kinadharia. Katika Kivu ya Kaskazini masimulizi ya asili hutumiwa kama hati ya shamba. Mauaji ya raia yaliyoanza katika wilaya ya Beni mwezi wa Oktoba 2014 yamewafukuza watu wengi vijijini mwao na kuwasukuma kuelekea Butembo na milima ya Lubero. Kila wanapofika wakimbizi, swali la nani mwenyeji na nani mgeni hufufuka, na hujibiwa kwa kurejea Semliki.

Umbo la masimulizi

Jambo la kwanza linalomgusa msikilizaji ni kwamba safari yenyewe haina urefu. Busongora na milima ya Mitumba vimetenganishwa na bonde ambalo mtu mwenye afya hulivuka kwa siku chache. Lakini hata siku hizo chache hazisimuliwi. Hakuna njaa ya njiani, hakuna kambi, hakuna aliyepotea. Masimulizi huanza kunenepa pale tu miguu inapokanyaga mlima: hapo majina ya vilima, ya mito na ya koo humiminika. Kwa hiyo, ingawa watu huyaita masimulizi ya uhamiaji, kwa hakika ni masimulizi ya ufikaji. Shujaa wake si mguu bali shoka. Aliyeufyeka msitu wa kwanza ndiye mwenye ardhi, na aliyekuja baada yake hukaa kwa idhini yake na humtolea kitu kama alama ya kuitambua idhini hiyo. Hiyo ndiyo kanuni ya ardhi katika milima hii, na masimulizi ya asili ni utangulizi wake.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atakumbuka mara moja masimulizi mengine ya ufikaji, yaani tarikh ya Kilwa. Tunayo katika matoleo mawili yanayotofautiana: la Kireno, lililomo katika kazi ya João de Barros iliyochapishwa mwaka 1552, na la Kiarabu, ambalo nakala yake iliyobaki ilinakiliwa Unguja mwaka 1877. Humo watu wa Shirazi wanafika kwa majahazi, na kiongozi wao anakinunua kisiwa kutoka kwa mwenyeji kwa vitambaa. Kwa mujibu wa toleo la Kiarabu, vitambaa vya kutosha kukizungusha kisiwa kizima. Baadaye mwenyeji anataka kurudi kwa silaha, lakini maji ya bahari yamekwisha kuifunika njia ya kupitia wakati wa kupwa.

Tukiyaweka masimulizi haya mawili bega kwa bega, tofauti moja inajitokeza. Pwani, haki ya mahali imetokana na bidhaa: kitambaa kimetolewa, kisiwa kimepokewa. Mlimani, haki imetokana na kazi ya mkono: mti umeanguka, shamba limezaliwa. Jamii ya wafanyabiashara imejipa asili ya kibiashara, na jamii ya wakulima imejipa asili ya kilimo. Kila moja imejitengenezea babu anayefanana nayo. Lakini Kilwa ilikuwa pia na wakulima na wavuvi, ambao hawamo katika tarikh. Na milima ya Mitumba ilikuwa pia na wachuuzi, ambao hawamo katika jibu la Masereka. Ukimya wa aina hii ndio unaopaswa kumshughulisha mhakiki.

Wasomaji wawili

Aliyeyaandika kwanza kwa upana masimulizi ya Wanande ni padri Lieven Bergmans, wa shirika la Waasumsio lililofika katika eneo la Beni mwaka 1929. Vitabu vyake kuhusu Baswagha, Bashu na mila za Wanande vilichapishwa Butembo mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa Kifaransa. Deni letu kwake ni kubwa. Wazee aliowasikiliza hawapo tena, na bila kalamu yake majina mengi yangezikwa pamoja nao. Hata hivyo, msomaji huvifunga vitabu hivyo akiwa na picha ya msafara mmoja uliopangika, mkubwa mbele na mdogo nyuma, kila ukoo ukishika kilima chake kwa zamu. Orodha za watawala zimekuwa kalenda. Simulizi lililosimuliwa na ukoo mmoja kwa sababu zake limekuwa historia ya wote.

Tusimlaumu padri peke yake. Alikuja kuandika baada ya utawala wa Wabelgiji kwisha kuwataka machifu wathibitishe mipaka yao. Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 kuhusu maeneo ya utawala ya wenyeji iliikamilisha kazi ya miaka mingi ya kuzigeuza himaya zilizokuwa na mipaka ya kuyumba kuwa vipande vyenye mistari kwenye ramani. Chifu aliyehojiwa na ofisa wa wilaya alijua vema kwamba simulizi fupi, lenye mstari mmoja na lisilo na mabishano, ndilo linalofaa kuandikwa katika faili. Yamkini ufupi wa safari tuliouona hapo juu una mizizi pia katika ofisi hizo.

Msomaji wa pili ni mwanahistoria wa Kimarekani Randall Packard, ambaye kitabu chake Chiefship and Cosmology kilitoka mwaka 1981. Packard alijifunga kwa Bashu tu, jambo linalofaa kukumbushwa kila mara, maana wengi wanaomnukuu huyapanua maneno yake hadi yakawafunika Wanande wote. Hoja yake ni kwamba uchifu wa Bashu hauwezi kueleweka kwa kuhesabu mikuki na viti. Mtawala alikuwa mtu anayeaminiwa kuunganisha nguvu za mvua, za ardhi na za msitu. Ukame ulipokuja, uhalali wake ulitikisika, na wapinzani wakapata nafasi. Mashindano ya kisiasa yalipiganwa kwa lugha ya afya ya nchi.

Lakini kwa mada yetu kazi yake muhimu zaidi ni sura aliyoichangia mwaka 1987 katika mkusanyiko uliohaririwa na Igor Kopytoff kuhusu mipaka ya makazi katika Afrika. Humo anayachukua matoleo mbalimbali ya asili ya Bashu, na badala ya kuyapatanisha, anayaacha yabishane. Ukoo wa kitawala una toleo lake, na koo zinazodai kutangulia zina lao. Wote wanatumia picha zilezile, mto uleule na msitu uleule, na hicho ndicho kinachowawezesha kubishana. Toleo la asili, kwa usomaji huu, ni hoja iliyovaa nguo za kumbukumbu. Jan Vansina alikuwa amekwisha kutufundisha tangu 1961 kwamba masimulizi simulizi yana kanuni zake za uchambuzi. Packard alituonyesha jinsi kanuni hizo zinavyofanya kazi kwenye kilima kimoja baada ya kingine.

Tunakubaliana naye kwa sehemu kubwa, lakini tuna malalamiko mawili. Kwanza, ikiwa kila toleo ni hoja ya leo kuhusu mamlaka ya leo, kuvuka Semliki kunabaki kuwa nini? Kwa nini wapinzani, ambao hawapatani kuhusu jambo lolote jingine, wanapatana kuhusu mto? Picha inayokubaliwa na mahasimu inastahili maelezo ya ziada, si kuitwa lugha ya pamoja na kuachwa hapo. Pili, biashara haikosi kutajwa katika kazi zake, lakini mhimili ni ibada na uchifu, kama jina la kitabu linavyotangaza. Mtu wa mlimani anaonekana akingoja mvua; haonekani sana akifunga mzigo.

Chumvi

Mwandishi wa makala hii alijifunza swali lake kwa bahati. Siku moja, baada ya kupokea jibu la Semliki kwa mara isiyojulikana ya ngapi, alimwuliza mama mmoja mkongwe swali la uvivu tu: bibi yake alikuwa akitia nini katika maharagwe kabla ya chumvi ya dukani? Mama aliyekuwa amejibu swali la asili kwa sentensi nne alizungumza hadi jua likazama. Alitaja mitumbwi, vifurushi vya majani, mahali pa kulala njiani, watu waliokuwa ndugu wa kuchanjiana damu ng'ambo ya ziwa, na shangazi aliyeolewa huko na kurudi kila mavuno. Hatudai kwamba kumbukumbu ya mtu mmoja ni ushahidi wa karne nyingi. Tunasema tu kwamba swali la pili lilifungua mlango ambao swali la kwanza lilikuwa limeufunga.

Mazingira yenyewe yanaeleweka. Upande wa Uganda, karibu na ukingo wa kaskazini wa Ziwa Edward, liko Katwe, ziwa dogo ndani ya shimo la volkano, ambalo maji yake huacha chumvi jua linapoyakausha. Ilikuwa chumvi ya watu na ya mifugo, na ilisafiri mbali. Stanley alipopita Usongora mwaka 1889 aliyakuta maziwa ya chumvi yakigombewa, na Kabarega wa Bunyoro alijua thamani yake. Lugard, alipofika mwaka 1891, alijenga ngome papo hapo Katwe. Majeshi hayagombei mahali pasipo na faida. Milima ya Mitumba, kwa upande wake, ilikuwa na mvua, udongo mzuri, ulezi, ndizi na maharagwe, lakini haikuwa na chumvi ya namna hiyo. Kati ya bonde kavu lenye chumvi na mlima wenye chakula, biashara haihitaji kubuniwa na mgeni yeyote.

Tunaweza kusema lolote kuhusu umri wa biashara hiyo? Hapa tahadhari inahitajika. Kwa Katwe tunao ushahidi ulioandikwa wa karne ya 19, na hatuna ruhusa ya kuusukuma nyuma kwa matumaini tu. Lakini kaskazini zaidi, kwenye ukingo wa Ziwa Albert, kuna Kibiro, ambako Graham Connah alichimba mwishoni mwa miaka ya 1980, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1996. Huko chumvi imetengenezwa kwa muda wa karne saba au zaidi. Wanawake hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye unyevu wa chumvi, huukwangua, huuchuja kwa maji, kisha huyachemsha maji hayo hadi chumvi ibaki. Ardhi ya Kibiro haifai kwa kilimo. Kwa hiyo kijiji hicho kimeishi tangu mwanzo kwa kubadilisha chumvi na chakula cha wengine. Hatuwezi kuuhamisha umri wa Kibiro na kuupeleka Katwe. Lakini tunaweza kukataa wazo kwamba katika Maziwa Makuu ya karne ya 13 au ya 14 watu walikaa kila mmoja kwenye kilima chake wakingoja msafara wa kwanza kutoka pwani.

Wazo hilo bado lina nguvu, na sisi wa taaluma ya Kiswahili tumelilisha. Tumezoea kuifungua historia ya biashara ya bara kwa Tippu Tip, kwa kuwa ndiye aliyetuachia maisha yake kwa Kiswahili, na kwa kuwa lugha yetu ilifika Kongo ya mashariki kwa njia ya misafara ya pembe na watumwa. Kwa lugha, hilo ni sahihi. Kwa biashara, si sahihi hata kidogo. Wakati Ntusi, katika Uganda ya kusini-magharibi, ilipokuwa makazi makubwa ya wafugaji na wakulima wa nafaka kuanzia karne ya 11, na wakati mahandaki ya Bigo, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, yalipochimbwa karne chache baadaye, chakula, ng'ombe, chuma na chumvi vilikuwa vikipita kati ya mikono mingi. David Newbury, katika makala yake ya 1980 kuhusu Ziwa Kivu, alionyesha jinsi bangili za nyuzi zilizosukwa na Watembo wa msituni zilivyotumika kama fedha katika masoko ya ziwa hilo. (Watembo hao wasichanganywe na mji wa Butembo, kosa hilo limekwisha kuonekana katika tasnifu zaidi ya moja.)

Kuhama na kuvuka

Tukiirudisha chumvi ndani ya masimulizi, neno lenyewe linabadilika sura. Vitabu vyetu vya shule huita tukio la Semliki uhamiaji. Kuhama, kwa Kiswahili, ni kuacha mahali. Aliyehama amefunga mlango nyuma yake. Lakini masimulizi hayasemi kuhama. Yanasema kuvuka, na anayevuka anaweza kurudi jioni. Mchuuzi wa chumvi alivuka mara nyingi katika uhai wake. Alivuka akiwa kijana nyuma ya baba yake, akavuka akiwa na mtumba wake, akamvusha mke, akavuka tena kwenda kuwazika wakwe. Maoni yetu ni kwamba kuvuka kumoja kwa masimulizi kumekusanya ndani yake kuvuka kwa vizazi vingi, kwenda na kurudi, na kwamba ndiyo sababu mahasimu wa Packard wanapatana kuhusu mto. Hakuna ukoo uliokuwa na haja ya kuukana mto ambao kila ukoo uliupita.

Lugha inaliunga mkono wazo hili, ingawa haimalizi ubishi. Kinande na Kikonzo cha Uganda, ambavyo Guthrie alivipa namba D42 na D41, vinakaribiana kiasi kwamba wasemaji husikilizana. Mtu anaweza kueleza ukaribu huo kwa kusema kwamba kuachana kulitokea jana tu. Anaweza pia kuueleza kwa kusema kwamba kuachana hakukuwahi kukamilika. Masimulizi ya uhamaji mmoja wa kale hupata shida na maelezo ya kwanza. Biashara ya kudumu inakaa vizuri na ya pili.

Kwa nini basi wachuuzi wamesahauliwa? Sehemu ya jibu tumekwisha kuitaja: ofisi za ukoloni zilitaka wenye ardhi, hazikutaka wapita njia. Sehemu nyingine imo katika nchi yenyewe. Mkataba wa 1910 uliweka mpaka wa dola mbili katikati ya njia hizo. Ugonjwa wa malale uliliharibu bonde, na watu wakaondolewa. Mbuga ya Albert, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kupanuliwa hadi 1935, ambayo leo ni Virunga, ililifunga bonde la Semliki na sehemu kubwa ya ufuo wa ziwa kwa wakulima na wachuuzi. Katika muda wa kizazi kimoja, njia ya kila mwezi ikawa ukuta. Aliyezaliwa baada ya hapo alilitazama bonde lisilo na watu kutoka juu ya mlima na kuambiwa: huko ndiko tulikotoka. Bonde tupu hulifanya tukio la zamani lionekane la mara moja. Samaki wa Vitshumbi na Kyavinyonge wameendelea kupanda hadi Butembo, lakini samaki hana mahali katika nasaba.

Mfupa, damu na akina mama

Kuna ushahidi wa aina nyingine ambao huvutwa siku hizi ili kuyatetea au kuyabomoa masimulizi, na inafaa tuupime kwa kifupi. Mwaka 1950, pale Semliki inapotoka katika Ziwa Edward, Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wa Ishango wenye mistari iliyochongwa kwa makundi. Leo unakadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi, na unatunzwa Brussels. De Heinzelin aliuona kama mchezo wa hesabu, Alexander Marshack akauona kama kalenda ya mwezi. De Heinzelin alikwenda mbali zaidi: alichora njia ya ustadi wa Ishango ikielekea kaskazini hadi Khartoum na hata Misri. Kwa hiyo mwanasayansi naye alitunga simulizi la uhamiaji, lenye mshale mmoja usiorudi. Kwa upande wetu, vijana wa Butembo wanaojivunia mfupa huo kama kazi ya babu zao Wanande wanaruka muda mrefu mno. Lugha za Kibantu ziliingia katika Maziwa Makuu yapata miaka 3,000 au 2,500 iliyopita. Ishango ni urithi wa mahali. Haiwezi kuwa hati ya kabila.

Ushahidi wa Kilwa unafundisha zaidi. Katika miaka ya 1980 wanahistoria na wanaisimu, wakiwemo Derek Nurse na Thomas Spear, walithibitisha kwamba Kiswahili na jamii yake ni vya Kiafrika, na masimulizi ya Shirazi yakasomwa kama madai ya hadhi. Walikuwa na haki, hasa wakikabili waandishi wa kikoloni waliokuwa wamewanyima Waafrika miji yao wenyewe. Kisha, mwaka 2023, jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya zamani ya pwani na katika mji mmoja wa bara karibu nayo. Katika wengi wao, asili ya Kiafrika ilitoka hasa kwa wanawake, na asili ya Kiasia, kwa sehemu kubwa ya Uajemi, ilitoka hasa kwa wanaume, na mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Wengine walishangilia kwamba tarikh imethibitishwa. Hawakusoma vizuri. Majahazi saba hayakupatikana katika mifupa. Kilichopatikana ni akina mama wenyeji, ambao tarikh ilikuwa imewaficha. Na pale Barros anapomtaja mama wa mwanzilishi, anamtaja kama Mhabeshi, sababu ya ndugu zake kumdharau.

Sasa tugeukie milima. Masimulizi ya Semliki yana wanaume wenye mashoka. Mama zao ni akina nani? Msitu walioukuta haukuwa mtupu. Wambuti walikuwemo, na wakulima waliotangulia, na majina yao yamo katika matoleo yale ambayo Packard aliyaacha yabishane. Shoka haliwezi kuzaa. Ukoo uliotokana na wachuuzi wa bonde na mabinti wa msituni ni mgeni na mwenyeji kwa wakati mmoja, na kumtaka achague ni kumtaka amkane mzazi mmoja.

Tarehe kama sheria

Haya yote yangekuwa mazungumzo ya ukumbi wa chuo kama sheria isingekuwa imeyachukua masimulizi na kuyafanya kipimo. Sheria ya uraia ya Zaire ya mwaka 1981 ilimtaka raia aonyeshe kwamba wazee wake walitoka katika kabila lililokuwemo nchini tarehe 1 Agosti 1885. Sheria ya Kongo ya mwaka 2004 ilisogeza kipimo hadi siku ya uhuru, mwaka 1960. Kati ya tarehe hizo mbili watu wengi wa Kivu waligeuka wageni, kisha wenyeji, bila kusogea hatua moja, na wengi wakafa katika ubishi huo. Mnande hakuulizwa, kwa sababu kuvuka kwake kulikubaliwa na wote kuwa ni kwa kale. Anayesimulia kwa fahari kwamba alitoka ng'ambo ya mpaka wa Uganda, na palepale akamwambia jirani arudi alikotoka, hana habari kwamba simulizi lake linaweza kusomwa dhidi yake pia.

Ng'ambo hiyo hiyo kuna mfano mwingine. Katika miaka ya 1950 Isaya Mukirane alianzisha chama cha utafiti wa historia ya maisha ya Wakonzo. Mwaka 1962 kazi hiyo ya kukusanya masimulizi ilikuwa imekwisha kuzaa uasi wa Rwenzururu dhidi ya utawala wa Toro, na Uganda haikuutambua ufalme huo hadi mwaka 2009. Tunautaja si kuulaani wala kuusifu, ila kuonyesha kwamba daftari la mkusanyaji si chombo kisicho na makali.

Kwa hiyo tunayo mashaka kuhusu miradi ya chuo inayowatuma wanafunzi vijijini na orodha ya maswali inayoanza na asili ya kabila. Swali hilo limekwisha jibiwa, na jibu lake limekwisha kauka. Afadhali mwanafunzi aulize chumvi ilinunuliwa kwa nani, jembe lilitoka kwa mhunzi gani, nani aliyelala kwa nani njiani, shangazi gani aliolewa bondeni na watoto wake wakaitwa kwa ukoo upi. Aandike kwa Kinande kwanza, kwa maneno ya msimulizi, kisha afasiri kwa Kiswahili, akiangalia sana pale kuvuka kunapotaka kugeuka kuhama chini ya kalamu yake. Na yale matoleo yanayopingana ayaandike yote, kila moja na jina la ukoo uliolisimulia. Sura ya Packard ya 1987 ingefaa kufasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, ili wanaoulizwa wapate nao kusoma walivyosomwa, na kumrekebisha pale alipokosea.